Jicho la Msimamizi: Funzo la Musoma kwa Wanaojifunza Kuhudumia Watoto Wenye Usonji

Barabara inayotoka katikati ya jiji la Mwanza na kukatiza Nyakato huelekea Musoma. Katika mji huo, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU iliamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977, badala ya kusubiri mwaka 1989 kama ilivyokuwa imepangwa. Azimio la Musoma husimuliwa zaidi kwa hesabu ya madarasa na wanafunzi. Leo napenda tulitazame kwa swali jingine: mtu anapojifunza kazi yake kwa kumhudumia mtu mwingine, ni nani anayemtazama?

Walimu wa kutosha kutimiza azimio lile hawakuwapo, na vyuo visingeweza kuwatoa kwa wakati. Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba na kuwaandaa wakiwa kazini. Walifundisha sehemu ya siku, na muda uliobaki wakajisomea kwa masomo ya posta na redio, huku waratibu na wakufunzi wakipita vituoni kuwasimamia. Zaidi ya vijana 40,000 waliingia katika mpango huo, na wengi wao walihitimu. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka takriban milioni 1.2 mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Tuseme kweli: katika karatasi, mpango ule ulikuwa mzuri. Uliunganisha nadharia na vitendo katika siku moja, jambo ambalo vyuo vingi vya leo bado vinalitafuta. Ila nguzo yake moja, yaani mkufunzi anayesafiri, ndiyo iliyokuwa dhaifu. Mkufunzi huyo alihitaji chombo cha usafiri, mafuta na muda. Vita vya Kagera na msukosuko wa uchumi uliofuata vikafanya vyote vitatu kuwa adimu. Darasa liliendelea kuwapo, kijana aliendelea kufundisha, ila jicho lilipungua. Watu wakawabeza walimu wale kwa kuzichezea herufi za UPE, wakisema ni "Ualimu Pasipo Elimu". Dhihaka hiyo iliwaangukia vijana, ilhali upungufu ulikuwa wa usimamizi.

Kisa cha pili kinatoka mbali, nacho kinaihusu taaluma ya uchambuzi wa tabia, ambayo hutumika sana kuwasaidia watoto wenye usonji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika kituo cha Sunland mjini Miami, Marekani, watu wenye ulemavu wa akili walipigwa, walifungwa na kudhalilishwa kwa jina la "kurekebisha tabia". Waliotenda hayo walikuwa wahudumu wasio na mafunzo ya kutosha, waliokabidhiwa mbinu yenye nguvu bila mtu wa kuwazuia. Kashfa ilipofichuka, jimbo la Florida liliunda kamati, likatunga miongozo, na baadaye likaanzisha mtihani wa kuwathibitisha wachambuzi wa tabia. Juu ya msingi huo, mwaka 1998 iliundwa bodi ya ithibati ya taaluma hiyo. Leo anayetafuta ithibati yake kamili kwa njia ya kawaida hufanya saa 2,000 za vitendo, na angalau asilimia 5 ya saa hizo ziwe chini ya msimamizi, ambaye hutakiwa pia kumtazama akiwa na mhudumiwa.

Kwa nini jicho hilo ni la lazima? Chukua mfano mmoja. Mtoto asiyezungumza anapewa kazi ya kupanga vipande vya mbao, anapiga kelele, na mwanafunzi kwa huruma anaondoa kazi ile. Kelele zinakoma. Mwanafunzi anaandika kwamba amemtuliza mtoto. Kumbe amemfundisha kuwa kelele huondoa kazi, na kesho zitaongezeka. Kosa hilo mwanafunzi halioni, kwa sababu kila akilifanya anapata utulivu wa papo hapo. Huenda kazi ile ilikuwa ngumu mno, au mtoto hajawahi kufundishwa ishara ya kuomba kupumzika. Msimamizi aliyeketi pembeni na daftari ataliona mara moja. Aliyebaki ofisini akisubiri ripoti hataliona kamwe.

Nyakato ni eneo la viwanda na karakana, na uanagenzi unafahamika vizuri huko. Fundi mchomeleaji hamwachii mwanagenzi geti la mteja siku ya kwanza. Humsimamia, humkosoa, humnyang'anya kifaa ikibidi. Na geti likiharibika, hukatwa likachomelewa upya. Mtoto hakatwi akaanza upya. Wala mtoto asiyesema hawezi kulalamika kwa mkuu wa idara. Ni ajabu basi kwamba geti lilindwe kuliko yeye.

Tangu Januari 2023, bodi ile ya Marekani haipokei waombaji wapya wanaoishi katika nchi nyingi za dunia, Tanzania ikiwamo. Wapo wanaolihesabu hilo kuwa mlango uliofungwa. Mimi naona ni jukumu lililorudishwa nyumbani. Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, tunacho Chuo cha Ualimu Patandi kinachoandaa walimu wa elimu maalumu, na vipo vitengo vya watoto wenye usonji katika baadhi ya shule za msingi. Kinachotakiwa ni kukubaliana juu ya nani anayesimamia, kwa saa ngapi, na kwa bajeti ipi.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa: nauli ya msimamizi isiwe kifungu cha kwanza kukatwa fedha zinapopungua. Saa za kusimamia zihesabiwe kuwa kazi ya mhadhiri, si fadhila. Kwa wanaharakati: mnapodai vituo zaidi, dai pia kujua ni nani anayeingia chumbani pamoja na mtoto. Na kwenu wanafunzi: ukipelekwa mafunzoni kwa wiki nane, msimamizi akaja mara moja kusaini fomu, umepewa ajira isiyo na mshahara. Muulize atarudi lini, na ombi hilo liweke kwa maandishi.