Fomula na Majina ya Kampaundi za Ioni

Kampaundi ya ioni huundwa na chembe zenye chaji chanya na zenye chaji hasi zinazovutana hadi zikashikana. Chembe hizo huitwa ioni, jina lililoingia katika sayansi mwaka 1834 kupitia maandishi ya Michael Faraday. Chumvi ya jikoni ni kampaundi ya namna hiyo. Sabuni nayo vilevile, na hata ganda la konokono.

Anayetaka kuona fomula za kampaundi hizi zikifanya kazi nje ya kitabu atafaidika akifika Kigwena, kusini mwa mji wa Rumonge, katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika. Lita moja ya maji ya ziwa hili ina takriban miligramu 40 za magnesiamu na miligramu 10 hivi za kalsiamu. Hilo si jambo la kawaida, kwa maana katika mito na maziwa mengi ya maji baridi kalsiamu ndiyo huongoza. Tena ioni ya magnesiamu ni nyepesi kuliko ya kalsiamu, hivyo zikihesabiwa moja moja, zile za magnesiamu zinazidi zile za kalsiamu zaidi ya mara sita. Sehemu kubwa ya madini hayo hushuka na Mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu, lililozungukwa na miamba ya volkeno. Yakishaingia, hayatoki kwa wingi, kwa sababu Mto Lukuga huchukua maji kidogo tu na mengi yaliyobaki hupotea kama mvuke. Mvuke haubebi chumvi.

Kanuni ya kuandika fomula ni moja: jumla ya chaji lazima iwe sifuri. Ioni ya sodiamu, Na⁺, ina chaji moja chanya. Ioni ya kloridi, Cl⁻, ina moja hasi. Ioni moja kwa ioni moja zinatoshana, ndipo tunapata NaCl, kampaundi ileile ambayo watu wa Uvinza, upande wa Tanzania, wamekuwa wakiichemsha kutoka chemchemi za maji ya chumvi tangu milenia ya kwanza baada ya Kristo na kuiuza ng'ambo zote za ziwa. Magnesiamu ni tofauti. Mg²⁺ inadai kloridi mbili, kwa hiyo fomula ni MgCl₂. Namba ndogo ya chini huhesabu ioni, namba ya juu huonyesha chaji, na mwanafunzi anayezichanganya hizi mbili atakosea kila swali linalofuata. Alumini, Al³⁺, ikikutana na oksidi, O²⁻, zinahitajika alumini mbili kwa oksidi tatu ili chaji sita chanya zikutane na sita hasi: Al₂O₃.

Ioni chanya huandikwa kwanza. Katika jina la Kiswahili mpangilio hugeuka: NaCl ni kloridi ya sodiamu, MgCl₂ ni kloridi ya magnesiamu. Kifaransa, lugha ya sayansi katika shule za Burundi, hufuata mpangilio huohuo, na hapo ndipo asili yake ilipo: mwaka 1787 Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy walichapisha Paris utaratibu wa kuipa kila kampaundi jina linalotokana na sehemu zake. Kabla ya hapo dutu ziliitwa kwa rangi, kwa mahali zilikotoka au kwa jina la aliyezigundua, na mkemia alilazimika kukariri orodha isiyo na mantiki. Jina jipya lilibeba habari. Ni mapinduzi makubwa kuliko yanavyosifiwa.

Kiambishi cha mwisho cha jina kinahitaji macho. Ioni hasi ya elementi moja huishia na -idi: kloridi, oksidi, salfidi. Ioni hasi yenye oksijeni ndani yake mara nyingi huishia na -eti, kama kaboneti (CO₃²⁻) na salfeti (SO₄²⁻). Tofauti hii ina uzito wake dukani. Chumvi ya mezani huongezewa madini joto, na katika nchi za joto hutumika zaidi iodeti ya potasiamu, KIO₃, badala ya iodidi ya potasiamu, KI. Hewa yenye unyevu na joto huiharibu iodidi, na madini joto hupotea kabla mfuko haujafika jikoni. Iodeti hustahimili zaidi.

Baadhi ya metali hubadili chaji, na hapo jina pekee halitoshi. Chuma huweza kuwa Fe²⁺ au Fe³⁺. Udongo mwekundu wa milima iliyo nyuma ya mwambao hupata rangi yake kutokana na oksidi ya chuma(III), Fe₂O₃. Namba ya Kirumi ndani ya mabano hutaja chaji ya kila ioni ya chuma, wala haihesabu atomi. Mkemia Mjerumani Alfred Stock ndiye aliyependekeza utaratibu huo mwaka 1919.

Kuhusu mabano ndani ya fomula, sabuni ndiyo mwalimu bora. Rumonge ni nchi ya michikichi. Mawese yakichemshwa na kostiki soda, yaani hidroksidi ya sodiamu (NaOH), hutoa gliserini na chumvi za sodiamu za asidi za mafuta. Mojawapo ni palmiteti ya sodiamu, C₁₅H₃₁COONa. Hapa desturi hugeuka: katika chumvi za asidi za kikaboni metali mara nyingi huandikwa mwisho. Sasa mtu akifua kwa maji ya ziwa, Mg²⁺ hukamata palmiteti mbili kwa mpigo: (C₁₅H₃₁COO)₂Mg. Mabano yanasema kundi zima limerudiwa mara mbili. Kampaundi hiyo haiyeyuki, bali hutanda juu ya maji kama utando wa kijivu na kugandia kwenye beseni, na mfuaji hulazimika kuongeza sabuni kabla povu halijatokea.

Maelezo mengi husema maji kama haya yana baikaboneti ya magnesiamu, Mg(HCO₃)₂. Fomula ni sahihi kwa hesabu ya chaji, lakini ndani ya maji ioni za Mg²⁺ na HCO₃⁻ huelea kila moja peke yake, na mango ya fomula hiyo haijulikani katika hali ya kawaida. Ndiyo sababu ripoti za maabara za maji huorodhesha ioni, si kampaundi.

Fomula pia haitaji mpangilio. CaCO₃, kaboneti ya kalsiamu, hujenga kalsiti na hujenga aragoniti, madini mawili yenye fumwele tofauti. Magnesiamu nyingi majini huizuia kalsiti kukua na kuipa aragoniti nafasi. Katika Rasi ya Banza upande wa Kongo, takriban mkabala na Kigwena, watafiti wa msafara wa Tanganydro wa mwaka 1987 walikuta chini ya maji chemchemi za moto zilizojijengea mabomba ya aragoniti, mengine yakifikia sentimita 70 hivi.