Muratina, Kinywaji cha Wazee Mashariki mwa Mlima Kenya

Barabara ya Embu kwenda Meru hupita Runyenjes, Chuka na Nkubu, mlima ukiwa kushoto na nyanda kavu za Mbeere na Tharaka zikishuka kulia. Hii si nchi ya mizabibu. Mvinyo wa wenyeji hutokana na asali, nao huitwa muratina.

Wambeere na Watharaka ni warina asali tangu jadi, na mizinga yao ya magogo bado inaning'inia mitini. Lakini asali peke yake haitoshi. Huchachushwa kwa tunda la mwegea, ambalo bichi haliliwi. Tunda hupasuliwa, huchemshwa, kisha huanikwa juani hadi likauke kabisa. Ndipo hulowekwa katika maji ya asali, au ya miwa, na chombo huwekwa mahali penye joto. Hamira ya asili hujificha ndani ya nyuzi za tunda hilo, kwa hiyo mpishi akishamaliza hulianika tena na kuliweka akiba.

Zamani muratina haikuwa ya kila mtu wala ya kila siku. Ilikuwa ya wazee, ikinywewa mahari yanapojadiliwa na mababu wanapotambikiwa. Vijana hawakuigusa.

Waingereza walifungua kituo cha utawala Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908. Pombe ya kienyeji ikaanza kuandamwa na vibali na makatazo, na hata baada ya uhuru wapishi waliendelea kukimbizana na polisi. Mwaka 2010, sheria ya vileo iliyopewa jina la mbunge John Mututho ilifungua njia ya kuitengeneza kihalali, kwa leseni na kwa viwango.

Msafiri anayefuata historia hii ana mengine ya kuona. Mjini Meru kuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1974 katika iliyokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya. Nchiru ndiko makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, lililopiga marufuku ukeketaji mwaka 1956. Mbele zaidi ni Mbuga ya Taifa ya Meru, iliyotangazwa mwaka 1966, lilipo kaburi la Elsa, simba jike aliyelelewa na George na Joy Adamson.

Leo wapo wanaoweka sukari na kemikali mahali pa asali na kuuza uchafu huo kwa jina la muratina. Huko ni kuwaibia wazee heshima yao na kuwaua vijana. Kaunti za Embu, Tharaka-Nithi na Meru ziwatafute wapishi wanaoijua kazi hii kwa uaminifu, ziwasaidie kupata leseni, na ziwape nafasi ya kuwaonyesha wageni na wajukuu jinsi inavyofanywa. Wapishi hao wanazeeka, na elimu yao haijaandikwa.