Yule Grogan wa spea ndiye alituletea trauti

Ukiwa Nairobi na gari limekataa kuwaka, utaambiwa neno moja tu: enda Grogan. Ramani inasema Kirinyaga Road, lakini uliza msee yeyote wa gereji uone kama atakuitia hivyo. Mimi nimekaa miaka nikidhani Grogan ni jina la duka fulani la spea. Kumbe ni mtu. Na kumbe samaki niliyekuwa nahangaika naye juzi huko Nyeri, maji ya kijito mpaka magoti na miguu imekufa ganzi, ni wa huyo huyo mtu.

Wacha nianze na hiyo siku. Binamu yangu alinipeleka kuvua trauti kwenye kijito kinachoshuka kutoka Aberdare. Tulikata leseni kwanza, kwa sababu trauti havuliwi hivi hivi. Mwenyeji wetu alikuwa guka mmoja wa hapo, na somo la kwanza lilikuwa kwamba mnyoo ni marufuku. Unatumia nzi bandia: ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na uzi mpaka ifanane na mdudu. Hiyo ndoana haina uzito, uzito uko kwa mshipi wenyewe. Unaurusha nyuma, unangoja unyooke, halafu unauleta mbele. Trauti naye anakaa ameelekea maji yanakotoka, akingoja mkondo umletee chakula. Kwa hivyo unamjia kutoka chini, nyuma yake, ukinyata kama mwizi.

Asubuhi yote nilivua matawi ya miti. Saa nane hivi nikanasa mmoja, mdogo, ubavu umejaa madoa meusi na mekundu. Guka akalowesha mikono, akamtoa ndoana, akamwachilia. Nikamwambia, "Guka, hii sasa ndiyo Kenya ya asili kabisa."

Akacheka. "Kijana wangu, huyo samaki ni mzungu."

Na ni ukweli. Kabla ya 1905 hakukuwa na trauti hata mmoja kwenye mito yetu. Mwaka huo Ewart Grogan, mlowezi aliyejulikana kwa safari yake ya miguu kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland. Mayai hayo lazima yakae baridi, la sivyo yanakufa. Yalikuja kwa meli mpaka Mombasa, yakapanda reli, kisha wapagazi wakayabeba mpaka mto Gura, kule juu Aberdare. Miaka michache baadaye akaletwa trauti wa upinde pia. Ikafika mahali serikali ya kikoloni ikawa na kituo cha kuwazalisha pale Kiganjo, na kutoka huko vijito vya Aberdare na Mlima Kenya vikawa vinajazwa samaki.

Fikiria hiyo hesabu kidogo. Wakikuyu wa wakati huo hawakuwa watu wa kula samaki. Kwa hivyo hakuna mtu wa pale aliyeomba hao trauti. Waliletwa ili walowezi wapate mchezo wa wikendi, milima yetu ifanane na kwao.

Na huyo Grogan hakuwa mpenda mito tu. Machi 1907, miaka miwili baada ya Gura, aliwachapa viboko Wakikuyu hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi, umati wa walowezi ukitazama. Wenye mamlaka walimwambia aache. Hakuacha. Alishtakiwa na kupatikana na hatia, lakini jina lake bado likapewa barabara. Wale waliobeba mayai hawakupata hata kichochoro.

Tulipokaa kula mihogo, guka alituambia kitu ambacho hakijatoka kichwani mwangu. Alipokuwa mtoto, wao walivua kwa uzi wa kushonea na mnyoo, mmoja amepanda mti kuangalia askari. "Mzungu akivua ilikuwa mchezo," alisema. "Mimi nikivua ilikuwa wizi." Halafu ikaja miaka ya 1950. Msitu wa Aberdare ukawa eneo marufuku, ndege za Waingereza zikaangusha mabomu juu ya wapiganaji wa Mau Mau waliojificha humo. Mahali mlowezi alikuja kupumzika ndipo kijana wa Nyeri alienda kufa.

Sasa, najua kuna mtu atasema tumalizane na hawa samaki. Hoja anayo: trauti wa kahawia na wa upinde wote wako kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Ukimleta mahali si kwake, anakula walio kwao. Lakini mimi sina kesi na samaki. Yeye hakukata tikiti ya meli. Ana zaidi ya miaka 100 hapa, na anahitaji maji baridi, safi, yenye hewa ya kutosha. Ukikata miti ya kando ya mto, jua likapiga maji, yeye ni kati ya wa kwanza kuumia. Na maji hayo hayo ndiyo yanashuka kwenda Tana, yanatuletea stima.

Kesi yangu ni na sisi. Tunaenda milimani, tunapiga picha, tunaandika "asili" chini yake, na hatuulizi nani aliamua mto uwe na nini na nani aruhusiwe kuingia. Mpaka leo vijana wengi wa rika langu wanaona kuvua trauti ni mambo ya wazungu, na wenye mto ni sisi.

Kwa hivyo enda. Kata leseni, simama kwenye hayo maji, upate baridi yako. Lakini ukiwa huko tafuta guka au cucu wa hapo umuulize yeye alivua vipi. Hadithi ya Grogan imeandikwa tayari. Yao wanaondoka nayo.