Maziwa ya Februari na maziwa ya Mei

Haya, leo tuache siasa kidogo tuongee maziwa. (Siasa itatufuata hukohuko, subirini.)

Sisi wa mjini tunaonunua pakiti ya nusu lita tumesahau kwamba maziwa yana msimu, kama maembe. Ng'ombe wa kulishwa majani hafuati kalenda ya duka, anafuata mvua. Masika yakinyesha kati ya Machi na Mei malisho yanachipua na ndoo zinajaa. Ikifika Januari na Februari nyasi zimekauka, na ng'ombe yuleyule anakamuliwa mpaka unamwonea huruma.

Wazee walilijua hilo. Wakalenjin walikuwa na mursik: maziwa yanatiwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti maalumu, yanaganda na kukaa muda mrefu bila kuharibika. Siku hizi wengi wetu tunayaona tu uwanja wa ndege, mwanariadha akirudi na medali. Lakini ile ilikuwa ghala ya kuhifadhi maziwa ya mvua.

Kisha ikaja KCC. Ilianzishwa mwaka 1925 na walowezi wa upande wa Naivasha, na baadaye ikashika soko karibu lote la maziwa Kenya. Kilichonivutia zaidi katika historia yake ni bei. Mkulima mwenye kota, yaani aliyeweza kuahidi kiasi kilekile mwaka mzima, masika na kiangazi, alilipwa bei ya juu. Maziwa ya ziada, yale yanayofurika wakati wa mvua, yalihesabiwa kuwa ya kutengenezea siagi na unga, na bei yake ilikuwa ya chini.

Kwenye karatasi ni hesabu safi. Nairobi inataka chai ya maziwa hata Februari, na anayemlisha ng'ombe kiangazi ana gharama. Lakini jiulize, nani aliweza kutoa maziwa Februari? Ni mwenye shamba kubwa, nyasi kavu zilizofungwa marobota, sileji shimoni na pesa za kununua chakula cha ng'ombe. Mwafrika alianza kuhimizwa kufuga ng'ombe wa gredi kwa wingi baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, tena kwenye ekari chache. Maziwa yake yalikuwa ya Mei. Kanuni haikuhitaji kutaja rangi ya mtu. Kiangazi kilifanya kazi hiyo.

Uhuru ulipofika mwaka 1963 kota iliendelea. Tume iliyoongozwa na Mwai Kibaki, miaka mingi kabla hajawa rais, ilipendekeza mwaka 1965 iondolewe. Ikaondolewa mwaka 1971. Yaani miaka minane bendera inapepea, na mkulima mdogo bado analipwa kwa bei za mlowezi!

Naona uamuzi wa 1971 ulikuwa wa haki. Ila serikali ilifuta kota, haikufuta kiangazi. Bei ikiwa moja mwaka mzima, nani atahangaika kukata na kukausha nyasi za Februari? KCC ikabaki na mzigo wa kupokea furiko lote la masika na kuligeuza unga, kwenye viwanda kama kile cha Eldoret. Mwaka 1979 yakaja Maziwa ya Nyayo mashuleni, nayo yakapata pa kwenda. Lakini madeni na usimamizi mbovu viliila KCC. Soko likafunguliwa mwaka 1992, na miaka ya tisini ilipoisha shirika lilikuwa hoi, mpaka serikali ilipolifufua mwaka 2003 kwa jina la New KCC.

Ukame wa 2009 uliua ng'ombe wengi. Mvua ikarudi, nyasi zikaota, na mapema 2010 wakulima wakamwaga maziwa kwa sababu viwanda havikuweza kuyapokea yote. Miezi michache tu baada ya njaa!

Kama babu au nyanya yako alipeleka mkebe KCC miaka ya sitini, muulize alilipwa ngapi mwezi wa Mei, kisha niandikie hapa chini.