Mafuvu Yaliyopimwa, Watu Wasioulizwa

Mkataba wa Versailles, uliofunga hesabu za Vita Kuu ya Kwanza, umejaa habari za mipaka, fidia na meli za kivita. Katikati ya hayo yote kuna Ibara ya 246, inayoitaka Ujerumani iikabidhi Serikali ya Uingereza, ndani ya miezi sita, fuvu la Sultani Mkwawa. Mkataba ulitiwa saini mwaka 1919. Fuvu lilifika Kalenga, karibu na Iringa, mwaka 1954.

Vita vya Mkwawa vinafahamika. Mwaka 1891, pale Lugalo, Wahehe walikiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski. Miaka mitatu baadaye Wajerumani waliivunja ngome ya Kalenga, na Mkwawa akaendelea kupigana porini hadi Julai 1898, alipojipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai. Kichwa kikakatwa na kuchukuliwa. Kisichosimuliwa sana ni namna kilivyotambuliwa baadaye. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda Ujerumani, na katika makumbusho ya Bremen akaonyeshwa mafuvu yapatayo 2,000, ambayo 84 kati yake yalitoka Afrika Mashariki. Jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai walikuwa wameshapimwa vichwa. Yakatengwa mafuvu yenye vipimo vinavyokaribiana na vyao, na kati ya hayo likachaguliwa lenye tundu la risasi. Ndilo alilokabidhiwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, na wanahistoria hadi leo wanabishana iwapo ni lenyewe.

Kipimo kilichotumika Bremen kina historia ndefu. Msweden Anders Retzius alikieleza katika miaka ya 1840: chukua upana wa kichwa, ugawanye kwa urefu wake, zidisha mara mia. Daktari yeyote wa jeshi aliweza kukifanya kambini. Kwa zaidi ya nusu karne wasomi wa Ulaya waliamini kwamba namba hiyo, ikikusanywa kwa wingi wa kutosha, ingewapanga wanadamu wote katika mbari zao, na kwa hiyo wakahitaji vichwa vingi. Vita ndivyo vilivyomfikisha Mkwawa kifoni, lakini kichwa chake kilikuwa na soko kwa sababu ya Retzius na waliomfuata.

Berlin ndiko vilikoelekea vingi. Azimio la mwaka 1889 lilitaka vitu vilivyokusanywa katika misafara ya makoloni kwa fedha za dola ya Ujerumani vipelekwe kwanza katika makumbusho ya mji huo. Felix von Luschan, aliyesimamia humo idara ya Afrika na Oceania, aliandika mwongozo wa kuwaelekeza maofisa, madaktari na wasafiri nini cha kukusanya na vipi. Yeye ndiye pia aliyetengeneza kipimo cha vigae 36 vya kioo, kuanzia cheupe hadi cheusi, vya kulinganisha na ngozi ya mtu. Barua zikaenda makoloni, masanduku yakarudi. Waliokuwa na nafasi kubwa ya kupata mafuvu walikuwa wale waliosimamia kunyonga na kupiga risasi.

Machi 1900, Moshi, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine 18 wa Wachaga, Wameru na Waarusha. Jamaa zake wanasema kichwa kilipelekwa Ujerumani. Februari 1906, wakati wa Vita vya Maji Maji, alinyongwa kiongozi wa Wangoni, Songea Mbano, na watu wake wanasema hivyo hivyo. Lakini si kila fuvu lilitoka kwenye mti wa kunyongea. Katika msafara wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg wa mwaka 1907 na 1908, mwanaanthropolojia Jan Czekanowski, Mpolandi, alipita Rwanda akipima walio hai na kuchukua waliokufa, kutoka makaburini na katika mapango ya maziko. Hao hawakuwa waasi wa yeyote. Walikuwa wazee wa watu, wamelazwa na watoto wao.

Hapa ndipo habari inapokuwa ngumu zaidi, na nadhani ndipo watu wengi wanapokosea. Ni rahisi kusema kwamba wapimaji wote walikuwa wabaguzi waliotaka kuthibitisha kwamba Mwafrika ni duni, na kweli wako waliokuwa hivyo. Lakini chukua Rudolf Virchow, daktari mashuhuri wa Berlin, naye mkusanyaji mkubwa wa mafuvu. Katika miaka ya 1870 aliongoza uchunguzi wa rangi ya nywele, macho na ngozi za watoto wa shule wa Kijerumani zaidi ya milioni 6, na matokeo yakaonyesha kuwa hapakuwa na Wajerumani wa asili moja safi. Von Luschan mwenyewe, katika Kongamano la Mbari Zote lililofanyika London mwaka 1911, aliipinga dhana ya mbari duni, ingawa katika mada hiyo hiyo alitetea kwamba mipaka kati ya mbari ibaki. Waliopima sana, kila walipoongeza namba, waliona mistari waliyoitafuta ikififia.

Basi jibu walianza kulipata, lakini mafuvu hayakurudi. Mtu anaweza kufikia hitimisho la haki kwa kutumia vichwa vya wizi, na jamaa wa marehemu wasipate nafuu yoyote. Kuikosoa sayansi hiyo kwa sababu tu ilitoa majibu ya uongo ni kuiachia nusu ya deni. Hata kama kila namba ingekuwa sahihi, hakuna aliyewauliza wenye wafu wao.

Nayo majibu ya uongo yalikuwa na safari yake. Tangu John Hanning Speke alipochapisha kitabu chake mwaka 1863, ilienea nadharia kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu walikuwa wageni kutoka kaskazini, watu wa damu tofauti na raia wao. Vipimo vya pua na urefu vilitumiwa kuipa nadharia hiyo sura ya elimu. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji wakaandika Hutu, Tutsi au Twa katika vitambulisho vya Wanyarwanda, na mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari, vitambulisho hivyo viliulizwa kwenye vizuizi vya barabarani, na aliyeandikwa Mtutsi akauawa.

Ilikuwepo njia nyingine, na aliyeishika alipita Berlin hiyo hiyo. W. E. B. Du Bois, Mmarekani mweusi, alisoma katika chuo kikuu cha mji huo kati ya mwaka 1892 na 1894. Aliporudi kwao alipewa kazi ya kuchunguza maisha ya watu weusi wa Philadelphia. Akahamia mtaani kwao pamoja na mkewe, akaenda nyumba kwa nyumba na maswali yake: kazi, kodi, elimu, afya, nani alikataliwa ajira na wapi. Baadhi ya wakazi walimpokea kwa shaka, wakijiona kama wanyama wanaopasuliwa, na yeye hakuificha habari hiyo. Kitabu kilichotoka mwaka 1899 kilionyesha kwamba umaskini wa mtaa ule ulikuwa na sababu katika historia na katika milango iliyofungwa, na hakikuhitaji fuvu hata moja.

Mwaka huo huo, huko Georgia, alikokuwa akiishi Du Bois wakati huo, kundi la watu lilimwua Sam Hose, mtu mweusi, kwa kumchoma moto. Du Bois alikuwa njiani kwenda ofisi ya gazeti la Atlanta kupeleka barua ya busara kuhusu kesi ile, alipoambiwa kwamba vifundo vya vidole vya marehemu vilikuwa vimewekwa katika duka lililokuwa mbele kwenye barabara hiyo. Aligeuka akarudi nyumbani. Baadaye alieleza kuwa siku ile alitambua hawezi kubaki msomi mtulivu wakati watu wake wanauawa. Naona wengi hulisoma tukio hilo kama mwisho wa Du Bois mtafiti. Mimi naliona kama siku alipokubali kwamba mtafiti naye anaishi katika barabara anayoichunguza.

Mafuvu ya Berlin yalibadilisha mikono mara kadhaa hadi mwaka 2011, yalipotoka hospitali ya Charité na kuingia chini ya taasisi inayosimamia makumbusho ya urithi wa Prussia. Kuanzia mwaka 2017 yale ya Afrika Mashariki yalifanyiwa utafiti, wataalamu wa Rwanda wakishiriki, akiwemo mwanahistoria Charles Mulinda Kabwete. Yalikuwa 1,135. Kati yake 904 yalibainika kutoka Rwanda, 202 Tanzania, 22 Kenya, na 7 hayakujulikana kwao. Safari hii kazi kubwa haikuwa kupima vichwa. Ilikuwa kusoma yaliyoandikwa juu ya mifupa, rejista, barua za maofisa na ripoti za misafara, ili ijulikane nani alichukua, wapi na kwa amri ya nani. Aliyechunguzwa sasa ni mkusanyaji.

Karatasi zina ukomo. Waandishi wake walijali jina la mahali kuliko jina la mtu, kwa hiyo kwa mafuvu machache ya Kilimanjaro ikabidi kutumia vinasaba. Jamaa walio hai walitoa sampuli, akiwemo Isaria Meli, mjukuu wa Mangi Meli aliyekitafuta kichwa cha babu yake kwa miongo mingi. Septemba 2023 yalitangazwa matokeo: mafuvu matatu yalikuwa na jamaa zao Tanzania, na moja lilikuwa limeandikwa juu yake neno "Akida". Kichwa cha Meli hakikuwa miongoni mwake. Novemba mwaka huo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea, akaomba msamaha mbele ya familia, na akaahidi kwamba nchi yake itasaidia kukitafuta kichwa cha Songea Mbano.

Ili kupata vinasaba vya fuvu ni lazima litobolewe. Kwa familia za Kilimanjaro hilo lilikubalika kwa sababu wenyewe ndio waliokuwa wakitafuta. Kwa yale 904 ya Rwanda hali ni tofauti: yametoka katika nchi ambayo swali la nani ni wa damu gani limeshaua watu ndani ya siku mia moja, na sampuli iliyochukuliwa kutafuta ukoo inaweza kutumiwa kesho na mtu mwingine kutafuta kabila. Mkusanyiko binafsi wa von Luschan nao uko New York, katika makumbusho ya historia ya viumbe yaliyoununua mwaka 1924, na humo pia kuna watu wa Afrika Mashariki. Mafuvu hayo yote yatobolewe au yazikwe yalivyo, yazikwe wapi na kwa mila ya nani, ni mambo ya kuamuliwa Kigali, Moshi, Songea na vijijini kwenyewe, kabla maabara yoyote haijapewa ruhusa.