Mapatano ya Lusaka, 1974

Msomaji wa Kagongwa, katika nchi ya Kahama, hana hati ya amani ya kwao ya kuisoma. Vita vya Mtemi Isike wa Unyanyembe na Wajerumani vilikwisha Januari 1893 kwa boma lake la Tabora kutekwa, naye akajilipua kwa baruti. Hapana walioketi kupatana. Mkataba wa 1890, ambao Waingereza na Wajerumani waligawana nchi hizi, ulifanywa Ulaya wala hakuulizwa mtemi hata mmoja. Na Tanganyika ilipopata uhuru 9 Desemba 1961, haikuwako vita ya kumalizwa. Basi kwa mfano hatuna budi kuwatazama jirani zetu wa Msumbiji.

FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, ikaanza vita Septemba 1964. Wanajeshi wa Ureno walipoipindua serikali yao wenyewe Aprili 1974, Mário Soares alikwenda Lusaka mwezi wa Juni akitaka bunduki zinyamaze kwanza, mengine yafuate. Samora Machel alikataa. Wako watakaouita ukaidi, lakini mimi naona hapo ndipo penye kiini cha jambo lote: mpiganaji aliyekwisha weka silaha chini hana tena cha kupatania, na uhuru aliouahidiwa bila ya tarehe huweza kuahirishwa kila mwaka. Ureno ndiyo iliyolegea. Tarehe 27 Julai sheria yake ilikiri haki ya makoloni kujitawala. Mazungumzo ya siri yakafanyika Dar es Salaam. Na 7 Septemba hati ikatiwa sahihi Lusaka.

Ndani yake siku ya uhuru ilitajwa waziwazi, 25 Juni 1975. Ureno ilipewa kuteua Kamishna Mkuu, FRELIMO Waziri Mkuu wa serikali ya muda na theluthi mbili za mawaziri. Vita vikasimama usiku wa manane uleule.

Walowezi wenye hasira waliiteka redio ya Lourenço Marques kwa siku chache, wakashindwa. Upungufu ulio mzito zaidi ni kwamba hati haikutaja kura. Si haki kuvibebesha ukimya huo peke yake vita vya RENAMO vilivyofuata, maana Rhodesia ilikuwa na mkono wake humo. Lakini amani ya pili, iliyotiwa sahihi Roma 4 Oktoba 1992, iliziandika kura hizo, nazo zikapigwa Oktoba 1994.