Pale Aliposimama Mpiga Picha: Kuusoma Mji wa Unguja kwa Picha za Wazee

Kila ifikapo miezi ya Juni, Julai na Agosti, joto la Maskati linapozidi na shule zikafungwa, vijana wetu hufunga safari kwenda Unguja. Huko hukaa wiki mbili au tatu, wakarejea na mamia ya picha katika simu zao. Ni picha nzuri: jua linazama, ngalawa imetanda tanga, watoto wanajirusha baharini pale Forodhani. Lakini wakionyeshwa wazee, swali lao huwa moja tu: "Hapa ni wapi?" Na mara nyingi mpiga picha mwenyewe hana jawabu.

Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya vijana hao, na kwa wazazi wao wanaowafungia mizigo. Wengi huniuliza ni wapi pazuri pa kupigia picha katika Mji Mkongwe. Jawabu langu ni kwamba mahali pazuri kuliko pote ni pale alipopata kusimama mpiga picha mwingine kabla yako, hasa ikiwa picha aliyoipiga imo katika sanduku la bibi yako. Picha moja ni pambo. Picha mbili zilizopigwa mahali pamoja, moja ya zamani na moja ya leo, ni ushahidi.

Unguja ni miongoni mwa miji ya pwani ya Afrika Mashariki iliyopigwa picha mapema sana. Nahodha Charles Guillain wa Ufaransa alipita katika pwani hii baina ya 1846 na 1848, na msafara wake ulikuwa na chombo cha kupigia picha juu ya mabamba ya madini, ufundi uliokuwa bado mchanga duniani. Mwaka 1860 Mwingereza James Grant, aliyekuwa akielekea bara pamoja na Speke kutafuta chanzo cha Mto Nile, alipiga picha kadhaa mjini. Baada yao wakaja Wagoa waliofungua studio zao, wakiwamo Gomes na ndugu wa Coutinho, ambao kazi zao ndizo zilizojaa katika kadi za posta za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Kisha mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio, na mwanawe Rohit akaja kuirithi kazi hiyo. Si familia chache za kwetu zenye picha ya harusi au ya skuli iliyotoka katika studio hiyo.

Inafaa kujiuliza watu hawa walikuwa wakimpigia nani picha, kwani hilo ndilo lililoamua wasimame wapi. Gomes na Coutinho waliuza kadi kwa abiria wa meli zilizotia nanga kwa siku moja au mbili. Abiria alitaka kumbukumbu ya kile alichokiona kutoka melini: majumba ya mbele ya bahari, kasri la Sultani, mashua bandarini. Ndiyo maana tuna picha nyingi za Forodhani, na chache mno za uani, jikoni au mitaa ya ndani. Ajengaye kumbukumbu ya ukoo wake juu ya kadi hizo peke yake atadhani babu zake wote waliishi mbele ya bahari.

Tuanze basi na huko mbele ya bahari, kwa kuwa ndiko kila mgeni aanziako. Beit al-Ajaib ilijengwa na Sayyid Barghash bin Said mwaka 1883, na kwa mpekuzi wa picha jengo hili ni kama kalenda. Picha ya pwani ya mji isiyokuwa nalo ni ya kabla ya mwaka huo. Ikiwa jengo lipo, na mnara unaonekana umesimama peke yake mbele yake karibu na maji, basi picha haivuki sana mwezi wa Agosti 1896. Tarehe 27 ya mwezi huo manowari za Uingereza ziliupiga mji makombora kwa muda usiotimia saa moja. Beit al-Hukm iliyokuwa jirani ikabomoka, na mnara ule ukaharibika hata ukavunjwa. Baadaye Beit al-Ajaib ikapewa mnara wa saa ulioshikamana na uso wake. Picha yenye mnara huo ni ya baada ya vita hivyo na kabla ya tarehe 25 Disemba 2020, siku ambayo sehemu kubwa ya jengo pamoja na mnara wake ilianguka na watu wawili wakafariki.

Mbele ya jengo hilo ipo bustani ya Forodhani, nayo ina tarehe yake. Ilitengenezwa Sayyid Khalifa bin Harub alipotimiza miaka 25 ya utawala wake mwaka 1936, ikaitwa Bustani ya Jubilei. Katika albamu ya ukoo wetu imo picha ya babu amesimama na wenzake watatu, wamevaa kanzu na makoti, na nyuma yao kinaonekana kibanda cha bendi. Nyuma ya picha hapakuandikwa neno. Lakini kibanda kile kinatosha kutueleza kwamba picha haikupigwa kabla ya bustani kutengenezwa, na kwa hiyo kijana mwembamba wa upande wa kushoto hawezi kuwa ami yake babu, kama jamaa wengine walivyodai, kwa sababu ami huyo alikwisha kufariki kabla ya mwaka huo.

Sasa nieleze habari ya mwanga, kwani wapiga picha wa zamani waliijua vyema. Uso wa mji unatazama bahari upande wa kaskazini-magharibi. Asubuhi jua hutoka nyuma ya mji, na majumba ya Forodhani huwa kivulini. Kuanzia saa 9 au saa 10 za alasiri mwanga huyageukia. Kwa hiyo ukiona picha ya zamani ambayo Beit al-Ajaib inang'aa na nguzo zake zimetupa vivuli vyembamba, jua kwamba ilipigwa baada ya adhuhuri. Tena katika miezi ya kusi jua hutua limeelekea upande wa kaskazini, likayapiga majumba usoni, na katika miezi ya kaskazi hutua limeelekea kusini, mwanga ukapita ubavuni na kuonyesha kila ufa wa ukuta. Atakaye picha ileile iliyopigwa na Coutinho hana budi kuchagua mwezi na saa, na si mahali peke yake.

Bandari nayo husema. Majahazi makubwa ya Arabuni na Ghuba, mabumu na masambuki, yalikuja na pepo za kaskazi na kurudi zilipoanza za kusi. Picha yenye msitu wa milingoti mbele ya mji kwa kawaida ni ya baina ya Disemba na Aprili. Kwa familia zetu hilo si jambo dogo, kwani ndiyo misimu iliyowaleta wazee.

Kutoka Forodhani vijana wengi huelekea Shangani kutazama machweo, na hakuna ubaya. Ncha ya Shangani ndiyo iliyoingia zaidi baharini, na ukiwa ufukweni unaweza kuielekeza kamera upande wa magharibi pasi na kizuizi. Ila nawasihi wakishapiga machweo wageuke. Nyuma yao ipo nyumba ya Mambo Msiige, ambayo leo ni sehemu ya hoteli kubwa, na hatua chache kutoka hapo ipo nyumba ya Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, aliyefariki mjini humo mwaka 1905. Machweo yanapatikana hata Matrah. Kuta hizi hazipatikani kwingine.

Sehemu ya tatu ni Darajani. Jina lenyewe ni historia: palikuwa na daraja. Mkono wa bahari uliingia kutoka kaskazini na kuutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na picha za zamani zinaonyesha mashua zimepwelewa pale ambapo leo hupita magari. Mkono huo ulifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20. Soko la Darajani lilijengwa mwaka 1904, na mapaa yake ndiyo alama bora ya kujipimia. Simama barabarani asubuhi, soko likiwa mbele yako, kisha utafute katika picha ya zamani maji yalifika wapi. Hapo ndipo mtu huelewa kwa nini nyanya zetu waliosema "kwenda Ng'ambo" walimaanisha kuvuka.

Na Ng'ambo kwenyewe ndiko ninakowasihi zaidi mwende. Picha zake za kabla ya 1964 ni haba, kwa sababu abiria wa meli hakuzinunua. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 mitaa mingi ilibomolewa kupisha majumba ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Nyumba za watu waliopika, waliosuka, waliofundisha Kurani na waliowalea wazee wetu zilikuwa huko, na katika nyingi ya koo zetu yupo bibi mmoja aliyezaliwa huko.

Lipo na jingine ambalo si jepesi kulisema miongoni mwetu. Vijana wetu hupita Mkunazini bila kusimama, au husimama wakapiga picha ya mnara wa kanisa kisha wakaondoka. Kanisa hilo lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, ambalo lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873 alioutia sahihi Sayyid Barghash kwa shinikizo la Uingereza. Nje yake yapo masanamu ya watu waliofungwa minyororo, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998, nayo yamewekwa ndani ya shimo ili mtazamaji alazimike kuinamisha kichwa. Baadhi yetu tumetokana na walionunua, baadhi na walionunuliwa, na wengi wetu na wote wawili. Atakayekusanya picha za Beit al-Ajaib akaliruka soko hili atakuwa amewaandikia wajukuu wake nusu ya historia, tena ile nusu nyepesi.

Sasa vipi mtu atapajua hasa pale aliposimama mpiga picha wa zamani? Njia ni rahisi na haihitaji chombo kingine zaidi ya macho. Katika picha ya zamani chagua vitu viwili visivyohamishika, kimoja cha karibu na kimoja cha mbali, mathalani pembe ya nyumba na mnara wa msikiti. Tazama nafasi iliyopo baina yao. Nenda mahali penyewe, usogee kushoto na kulia mpaka nafasi hiyo ilingane. Kisha chagua vitu viwili vingine, usogee mbele na nyuma. Pale pote panapolingana ndipo. Pengine utajikuta juu ya paa, kwani wapiga picha wengi walipanda juu. Piga hodi, ujitambulishe, useme watafuta nini. Watu wa Unguja hawamnyimi ngazi mtu anayetafuta nyumba ya wazee wake. Lakini usimpige picha mtu aliyekaa barazani bila ya idhini yake, wala usiielekeze kamera kwenye majengo ya serikali na ya askari.

Milango nayo ni ya kupigwa picha kwa makini. Ile yenye kizingiti cha juu kilichonyooka kwa jumla ndiyo ya mtindo mkongwe, na ile yenye upinde juu imefuata mtindo wa Kihindi ulioenea mwishoni mwa karne ya 19. Baadhi imechongwa mwaka wa Hijria, na mwenye kuanza hesabu atasaidika akikumbuka kuwa mwaka 1300 uliingia Novemba 1882. Walakini mlango huuzwa na kuhamishwa. Usiutangaze mlango kuwa wa babu mpaka ukuta uliouzunguka nao ukubali.

Msiokuwa na picha za kuanzia, msikate tamaa. Wengi walitoka na walichovaa, na albamu zikabaki. Ipo hazina ya Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja. Na katika Chuo Kikuu cha Northwestern, jimbo la Illinois, Marekani, umehifadhiwa mkusanyo wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, za baina ya 1860 na 1960, unaoweza kutazamwa kwa intaneti. Mjukuu aliyeko London au Dubai anaweza kuuchambua kabla hata ya kukata tiketi.

Kwa nini nayahimiza haya sasa? Kwa sababu mashahidi wawili wanaondoka kwa pamoja. Majumba yanaondoka: mji uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na heshima hiyo haikuizuia Beit al-Ajaib kuanguka miaka 20 baadaye. Na wazee wanaondoka, wale ambao wakiona pembe ya ukuta husema hii ni nyumba ya fulani, na huyu mwenye kofia ni fulani. Jumba huweza kujengwa upya kwa kufuata picha, ila jina lililokufa na mwenye kulijua hakuna picha itakayolifufua.

Basi mtakaporejea mwaka huu, kabla ya kuzituma picha zenu kwa marafiki, kaeni na mzee mmoja kwa saa moja. Wekeni ya zamani na ya leo kando kwa kando. Andikeni kwa kalamu ya risasi nyuma ya kila picha: mtaa, tarehe, saa, ulisimama wapi na ulitazama upande gani, na majina ya wote wanaojulikana. Asiyejulikana mwachieni nafasi wazi. Huenda katika familia nyingine, Sohar au Mombasa, kuna mtu anayemjua.